Panya wa Upande wa Dirisha

Mlango ulinikatalia. Nilipuliza kwenye bomba lake mara ya kwanza, ukasema pumzi haijasomeka. Mara ya pili, haijasomeka. Mara ya tatu nikaupiga teke. Jalidi ilikuwa imelala mpaka kwenye ngazi za maabara, Makete nzima nyeupe kama imemwagiwa unga, na pumzi yangu ilikuwa inapoa kabla haijafika kwenye kipimo. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na panya arobaini niliowaambukiza nimonia kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi nimesimama nje nagombana na kitasa!

"Daktari, kinga mkono ndipo upulize," Mama Tulizo aliniambia kutoka ndani, kupitia kioo. "Bomba nalo linasikia baridi."

Nikakinga mkono, nikapuliza. Mlango ukaonja, ukaridhika kwamba mapafu yangu ni mazima, ukafunguka. Siku hizi huingii hata dukani kununua chumvi bila kupuliza, sembuse kwenye chumba ambacho ugonjwa umepandwa makusudi.

"Shikamoo, mama. Wameamkaje?"

"Marahaba. Wa ukutani hawajambo." Alinipokea koti, akalitundika, akajishughulisha na vifungo vyake ambavyo havikuwa na shida yoyote. "Wa dirishani, mwenyewe utaona."

Mama Tulizo ndiye mtunzaji wa panya wetu, mwaka wa kumi na sita sasa. Yeye huwalisha, huwabadilishia maranda ya kulalia, huwapa pole wakiugua, na asipokuwepo siku moja huwa hawali vizuri. Nikimwona anakwepa macho yangu najua kuna jambo. Nikakimbilia kwenye skrini.

Nilitamani nisingekimbia. Vizimba vinne vya upande wa dirisha vilisomeka sabini na moja, sabini na tatu, sabini na tatu, sabini na sita. Vinne vya upande wa ukuta vilikuwa kwenye arobaini na kitu.

"Habari za asubuhi, Daktari Kyando," ilisema sauti ya Mpimaji, mashine yetu, ile sauti yake ya upole isiyojua aibu. "Kundi lililopewa dawa linaelekea kikomo. Wastani wake ukifika themanini, kanuni ya kutengenezea dawa hiyo itafungiwa kwa miaka thelathini."

Nikazisoma namba upya.

Nieleze kidogo, maana watu wakisikia namba hudhani ni mambo ya mitihani. Kila panya ana kidude chini ya ngozi ya shingo, kidogo kama punje ya ulezi, kinachosikiliza pumzi na joto la mwili. Kwenye mfuniko wa kizimba kuna kamera inayotazama manyoya kama yamesimama, mgongo kama umejikunja, macho kama yamefumba. Mpimaji huchanganya yote hayo na kutoa alama moja ya maumivu, kuanzia sifuri hadi mia. Panya mzima yuko kwenye kumi. Akifika themanini hakuna mjadala: ndani ya dakika kumi analazwa usingizi asioamka, na anayemchoma hiyo sindano lazima awe yule yule aliyemwambukiza. Sheria hiyo ilitungwa ili sisi wenye vyeti ukutani tusisahau tunachokifanya.

Nani kapewa dawa na nani kapewa maji ya chumvi, ni Mpimaji peke yake aliyejua. Yeye ndiye aliyechagua vizimba, yeye aliyejaza mabomba ya sindano ndani ya sanduku lake, na mimi nilichoma tu nilichopewa. Lakini aliposema kundi la dawa ndilo linaloteseka, na upande mmoja wa chumba una sabini, hapakuwa tena na siri. Dawa yangu ilikuwa inawatesa panya kuliko maji.

Dawa yenyewe tuliiita Kitulo Arobaini na Moja, kwa sababu ukungu unaoitoa tuliuchimba kwenye udongo wa uwanda wa Kitulo, na kwa sababu arobaini kabla yake zilishindwa. Miaka kumi na moja! Tangu kiuavijasumu cha mwisho kilipoacha kufanya kazi, nimonia ilikuwa inachagua tu nani na lini. Wodi iliyo chini ya maabara yetu haikuwa na kitanda kitupu, na dawa iliyokuwepo huko ilikuwa blanketi na maombi. Nina miaka hamsini na miwili. Kanuni ikifungiwa miaka thelathini, atakayekuja kuifungulia ataniomba radhi kaburini.

"Pole, Dokta," alisema Bwana Rwezaura.

Nilikuwa nimemsahau. Alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, amevaa makoti mawili na skafu juu, mkaguzi kutoka Baraza la Kiuavijasumu. Mhaya wa Kamachumu, msomi na anataka ujue. Kila neno lililosemwa ndani ya chumba hicho aliliandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino.

"Pole ya nini? Kuna mtu kafa?"

"Bado," alisema, akasimama. "Nakwenda kutafuta kahawa. Ile mliyonipa jana ilikuwa maji ya kuoshea vyombo, lakini kwa baridi hii nitakunywa hata hayo. Nikirudi nitahitaji maelezo yako kwa maandishi."

Akatoka. Mlango ulikuwa haujajifunga vizuri, Mpimaji akalia: panya namba ishirini na saba, themanini na moja. Dakika kumi.

*

Nilimtoa kizimbani mwenyewe. Alikuwa amejikunja mgongo, manyoya yamesimama kama brashi, macho mistari miwili. Hakujitetea hata kidogo. Nikamweka kwenye kiganja cha kushoto, nikamfunika kwa cha kulia, na kwa kuwa sindano ya usingizi ilikuwa kwenye kabati la mwisho kabisa, nikatembea naye hivyo hivyo, nimemkumbatia kifuani ndani ya sweta.

Kwenye kabati nikasimama. Sikutaka. Nasema ukweli, nilisimama pale kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa, mkono mmoja kwenye mpini wa kabati, mwingine kifuani, na nilikuwa nalia kwa hasira. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu.

"Namba ishirini na saba, sabini na saba," alisema Mpimaji.

"Nini?"

"Sabini na nne. Amri ya kulaza imeondolewa."

Nikafungua viganja. Panya akafumbua jicho moja, akanitazama kwa kero ya mtu aliyefunuliwa blanketi. Manyoya yalikuwa yamelala! Nikafunga viganja haraka. Sitini na tisa. Sitini na sita. Pua yake ikaanza kunusa katikati ya vidole vyangu, inatekenya.

"Mama Tulizo! Njoo uone! Njoo!"

"Kafa?"

"Kafa nini! Anasikia baridi huyu! Ni baridi tu, mama, baridi!"

Manyoya kusimama, mgongo kujikunja, macho kufumba: hivi ndivyo panya anavyoonekana akiwa na maumivu, na hivi hivi ndivyo anavyoonekana akiganda. Mpimaji alitengenezwa na watu wa joto, huko ambako hakuna aliyewahi kukuta ndoo yake ya maji ina kioo cha barafu asubuhi. Kwake yeye chumba kilikuwa na nyuzi ishirini na sita, basi. Lakini kipimajoto chake kilitundikwa wapi? Nikakimbilia kwenye droo, nikatoa kipimajoto cha kioo cha zamani, cha zebaki, nikakiweka kwenye rafu ya dirishani. Nyuzi tisa. Nikakipeleka kwenye rafu ya ukutani, ule ukuta ambao upande wake wa pili kuna mtambo wa mvuke wa kuchemshia vyombo. Nyuzi ishirini na sita. Na kipimajoto cha Mpimaji kilikuwa pale pale ukutani, kinaota moto wake kwa raha.

Nilicheka peke yangu kwa sauti. Dawa haijashindwa! Panya wamepona au wanapona, ila wanaganda!

Halafu kicheko kikanikatika. Vizimba vile nilivipanga mwenyewe Jumatatu kwa kura, vimechanganyika, ili upande wowote wa chumba usipendelewe. Vyote vinafanana, namba iko nyuma. Nikakigeuza cha kwanza dirishani: namba mbili. Cha pili: tatu. Sita. Nane. Havikuwa kama nilivyovipanga, na hakuna kura duniani ambayo ingeweka waliopewa dawa wote upande mmoja na wa maji wote upande mwingine.

Nikageuka. Mama Tulizo alikuwa amesimama na ufagio wake.

"Nani kavihamisha?"

"Mimi," alisema. "Jana jioni, nikifagia."

*

Kama kuna siku nimewahi kutaka kumpiga mtu mzima ni ile.

"Ulijuaje? Mimi sijui, mkaguzi hajui, wewe ulijuaje nani ana dawa?"

"Maranda, Daktari. Mimi ndiye ninayebadilisha maranda. Vizimba vinne mkojo ni wa kawaida, vinne ni wa rangi ya chungwa kabisa. Maji hayatoi rangi ya chungwa."

Miaka kumi na moja ya sayansi, sanduku lenye kufuli, mashine ya mamilioni, na siri yote ilikuwa imelala kwenye maranda!

"Sasa ukishajua, ndiyo ukawahamishia nini?"

Alinitazama kana kwamba ninamuuliza kwa nini watu hula. "Wale wa maji hawana dawa. Mgonjwa asiye na dawa anawekwa karibu na moto. Mwenye dawa ana dawa yake. Mama yako hakukufundisha?"

Alinifundisha. Hapo ndipo hasira yangu iliponivunjika miguu. Nimekulia Tandala, kilomita chache kutoka pale, na nyumbani kwetu mtoto aliyepewa kidonge alilala chumbani, na yule ambaye kidonge hakikumfikia alilazwa jikoni kwenye mafiga, apate angalau hilo. Mtu wa Dar angemwona Mama Tulizo mjinga. Mimi nilimwelewa mpaka nikachukia.

"Na mume wangu alipewa maji," aliongeza.

Hilo sikulijua. Miaka kumi na sita ya kufanya kazi pamoja na sikulijua.

"Yeremia. Lile jaribio la mwisho la watu, la dawa ile iliyokuja kufa nguvu. Walimchoma sindano asubuhi na jioni, nami nashukuru, nawapikia viazi. Baadaye ndiyo wakaniambia alikuwa kundi la maji. Nikaomba kazi hapa. Nilitaka nione wanavyofanya." Akaegemeza ufagio ukutani. "Sikujua nawaumiza hao wengine. Nilidhani dawa inatosha."

Nikaketi kwenye kigoda cha mkaguzi. Kikombe cha kahawa hakinywewi zaidi ya dakika kumi na tano, na nilishatumia saba.

Ningeweza kurudisha vizimba kama nilivyovipanga. Kamera huwatazama panya, haitazami rafu. Baada ya saa mbili namba zingejirekebisha, Bwana Rwezaura angerudi na kukuta muujiza, ningepona, Mama Tulizo angepona, wodi ya chini ingepona. Nikisema, neno moja tu lingetosha: siri ya makundi imevunjika. Jaribio linafutwa. Panya wapya, kibali kipya, ukungu wa kuotesha upya. Mwaka mzima na zaidi, na hiyo ni kama Baraza lingeniamini tena. Niliwafikiria watu wa chini. Niliwafikiria kwa majina, maana nilikuwa nawajua.

Nikatamani sana kunyamaza. Sitaki nijifanye malaika hapa. Lakini dawa hii ilikuwa inakwenda kwenye mapafu ya watu, na kila daktari atakayeichoma atakuwa ameiamini namba yangu kwa macho yaliyofumbwa. Nikianza na uongo mdogo wa rafu, huo mwingine nitaukataa kwa mdomo upi?

"Ukiwatoa pale ukutani watakufa kwa baridi," alisema Mama Tulizo, taratibu.

"Simtoi mtu kwenye moto," nilisema, nikasimama. "Nawaletea wengine. Chemsha maji! Chupa nane, zote sawa, na blanketi za wodini kama zipo. Wote wanakuja mezani katikati. Haraka, mama!"

Tulikimbia kama watu wanaounguliwa nyumba. Vizimba vinane mezani, kila kimoja na chupa yake ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, blanketi dirishani, kipimajoto katikati. Tulikuwa tunahema wote wawili, jasho linatutoka katikati ya jalidi, na yeye ananiuliza kama chupa ya namba nne si ndogo kidogo kuliko nyingine. Mlango ukafunguka.

"Ala," alisema Bwana Rwezaura. "Nani kahama?"

Nikamwambia yote, mkojo na maranda na mafiga ya Tandala, bila kubakiza.

*

Aliandika kurasa mbili bila kuinua kichwa. Kalamu ilikuwa inakwaruza, na nilitaka kumnyang'anya.

"Mpimaji," alisema mwishowe, "mtunzaji wa panya amewahi kuingiza alama yoyote kwa mkono?"

"Hapana. Alama zote ni zangu."

"Kwa hiyo alichogusa ni joto, hakugusa namba." Akafunga daftari. "Dokta, nimekagua maabara kumi na tatu. Hii ni mara ya kwanza naletewa kosa na mwenye kosa, likiwa bado la moto. Huko kwingine hulifukua mwenyewe, na koleo langu." Akavua koti moja. "Saa zote mpaka sasa nazifuta. Tunaanza kuhesabu upya, joto sawa, mpaka kesho saa sita mchana. Kikomo cha themanini kinabaki pale pale. Ila ninyi wawili mnajua nani ni nani na mna la kupoteza, basi hakuna anayegusa kizimba tena. Mtakaa nyuma ya kioo."

"Na nani atawalisha?"

Aliangalia ndoo ya maranda, akaangalia viatu vyake vya ngozi.

"Mimi," alisema.

Jamani, siku hiyo! Sijawahi kuona msomi anayeteseka vile. Mama Tulizo alikuwa amebandika uso kwenye kioo anampigia kelele: "Usimshike mkia, baba! Mshike kama andazi! La, andazi la moto, siyo hivyo!" Rwezaura anajibu kwamba kwao hawajawahi kulea panya, kwao panya hufukuzwa. Saa nane mchana kizimba cha tatu kilishuka hadi hamsini. Saa kumi, thelathini na nane. Nilikuwa napiga kioo kwa ngumi, naitaja kila namba kama mtangazaji wa mpira.

Lakini ile sindano ya kulaza ilikuwa bado yangu. Wale wa maji, pamoja na chupa zao za moto, walianza kupanda kuanzia jioni. Mkaguzi alinipitishia mmoja mmoja kwenye dirisha dogo, nikamlaza kila mmoja kwa mkono wangu, kumi na wanne mpaka kesho yake. Kila mara nilinawa, kila mara nikarudi kwenye kioo na kukuta wale wengine wanakula. Furaha na huzuni vilinikalia pamoja kifuani na sikujua nitoe kipi.

Jumatano saa sita mchana Mpimaji akasema, kwa sauti ile ile ya upole: "Kundi la dawa, hai kumi na tisa kati ya ishirini, wastani wa alama kumi na mbili. Kundi la maji, hai sita kati ya ishirini, wastani sabini na tano. Kanuni haifungiwi. Kitulo Arobaini na Moja imeruhusiwa kwenda hatua ya watu."

Nilipiga ukelele mpaka wagonjwa wa chini wakauliza kuna nini. Mama Tulizo akapiga vigelegele, vile vya harusini, vya kupasua bati. Tulikumbatiana, tukazunguka, tukaangusha ndoo. Hata Rwezaura, nyuma ya kioo, alikuwa anapiga makofi na glavu zake, maranda kichwani.

Halafu akasoma hatua za kufunga. Dawa iliyobaki ichomwe moto, yote, isije ikavuja mitaani na vijidudu vikaizoea. Panya waliobaki wa kundi la maji walazwe.

Mama Tulizo akaniachia.

"Hivi hivi," alisema. "Siku walipofunga lile la kwetu, Yeremia alikuwa bado hai. Siku ya tatu. Anaongea, anadai ugali. Dawa ilibaki, walikuwa na kasha zima, wakaichoma nyuma ya wodi. Niliuona moshi nikiwa dirishani kwake."

Rwezaura alijikung'uta maranda kichwani.

"Nyinyi mmewachoma hawa dawa saa sita tu baada ya kuwaambukiza," aliendelea, sasa ananielekeza mimi kidole. "Nani kwetu huku anakuja hospitali saa ya sita? Mtu anakohoa leo, kesho anakwenda shamba, siku ya tatu ndipo anabebwa. Hao sita humo ndani ndio watu wa Makete. Wako siku ya tatu. Mbona hamtaki kujua?"

Alikuwa sahihi, na nilijisikia joto usoni kwa aibu. Miaka kumi na moja nimeuliza kama dawa inaponya, sikuwahi kuuliza kama inaponya waliochelewa.

"Dokta," alisema Rwezaura kwa tahadhari, "una ushindi mkononi. Ukiwapa hao na wakafa, nitaandika. Kibali kitabaki, lakini kitapigwa muhuri wa 'wagonjwa wa mapema tu'. Madaktari wataogopa kuwapa wanaochelewa. Nikichoma sasa, muhuri huo haupo."

"Na waliochelewa tutawapa kwa kubahatisha."

"Ndiyo."

Nilitaka kujua! Nilitaka kujua kuliko nilivyotaka muhuri.

"Andika," nilisema. "Fungua ukurasa mpya. Andika saa, andika kwamba ni mimi niliyeomba. Na unishikie panya, maana huyo namba thelathini na tatu ana hasira."

Alishika, tena vizuri, kama andazi la moto. Thelathini na tatu, mwenye alama sabini na nane, akapata nguvu kutoka asikojua akamng'ata kidole cha shahada. Rwezaura akatoa neno la Kihaya ambalo hakuliandika.

*

Wawili walikufa jioni ile ile, kabla hata hawajafika themanini, na nikadhani nimejichimbia shimo.

Alhamisi asubuhi nilikinga mkono, nikapuliza, mlango ukafunguka mara moja. Mama Tulizo alikuwa amefika kabla yangu, ameketi sakafuni mbele ya meza, mikono mapajani. Rwezaura alikuwa amesimama nyuma yake na kidole chenye bandeji, wala hakuwa anaandika. Kwenye skrini: thelathini na tano, thelathini na moja, ishirini na nane, ishirini na tisa. Thelathini na tatu alikuwa amepanda juu ya chupa yake ya maji na anajipangusa masharubu.

"Wanapona!" nilipiga kelele. "Siku ya tatu, na wanapona! Mama, umeona? Umeona wewe?"

"Nimeona." Aliendelea kuwatazama. "Wanne kati ya sita."

"Wanne kati ya sita!"

"Yeremia alikuwa na nguvu," alisema. "Alikuwa anabeba gunia la viazi peke yake mpaka barabarani. Angekuwa kwenye wanne."

Nilichuchumaa karibu naye. Furaha ilikuwa bado imenijaa, haikutaka kuondoka hata kwa adabu, na nilimshika mkono. Akanibana vidole kwa nguvu.

Rwezaura alivuta kigoda, akafungua daftari kwenye ukurasa wa hatua ya watu, ambao ulikuwa mtupu. Akaandika mstari wa kwanza kwa utulivu, akakausha wino kwa kupuliza, kisha akainama akamgeuzia Mama Tulizo asome. Ulisema kwamba kila mgonjwa atakayeangukia kundi la maji apewe dawa siku ya tatu, na kwamba dawa isichomwe mpaka wa mwisho wao awe amechomwa sindano yake.

Mama Tulizo alisoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Wawili walikufa," alisema. "Siku ya tatu ni mbali, baba. Andika siku ya pili."

Bwana Rwezaura akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akakata neno, akaandika upya, akatia sahihi pembeni.